Wafula na Nafula: Jina, Kilio na Matarajio ya Jinsia kwa Mtoto Mchanga wa Bungoma na Kitale

Uhakiki wa fasihi simulizi ya Afrika Mashariki unaozingatia jinsia umejikita kwa muda mrefu katika tanzu za watu wazima. Methali zimepekuliwa, nyimbo za jando zimechambuliwa, ngano za mazimwi na wasichana wakaidi zimefasiriwa na kufasiriwa tena, na karibu kila mara hitimisho limekuwa lilelile: kwamba jamii humsawiri mwanamke kuwa dhaifu na mwanamume kuwa jasiri. Hitimisho hilo si la uongo, lakini limechelewa kufika. Kufikia wakati ambapo msichana anakuwa mhusika wa ngano, au mvulana anaimbiwa wimbo wa jando, hadhira yake imekwisha kumsoma kwa miaka mingi. Usomaji wa kwanza hufanyika mtoto akiwa hajaweza hata kuinua kichwa, na matini yake ya kwanza ni fupi kuliko methali yoyote. Matini hiyo ni jina.

Bungoma na Kitale ni mahali pafaapo kuchunguzia jambo hili, kwa sababu mbili zisizofanana. Bungoma ni kitovu cha Wabukusu, jamii ambayo mfumo wake wa kutaja watoto kwa majira na matukio ni wazi na hai hata leo. Kitale, kwa upande wake, ni mji uliokua katikati ya mashamba ya walowezi wa Kizungu ya Trans Nzoia, mashamba ambayo baada ya uhuru wa 1963 yalipokea watu wa asili mbalimbali. Hapo Wabukusu, Wanandi, Wasabaoti, Wapokoti, Waturkana na Wakikuyu ni majirani, na Kiswahili ndicho wanachouziana nacho mahindi. Kwa hiyo mtoto anayezaliwa Kitale aghalabu hupewa jina katika lugha moja na kuzungumzwa katika nyingine, na lugha hizo mbili hazitaki habari zilezile juu yake.

Silabi moja

Mfumo wa Kibukusu unajulikana na wengi, ila haujapewa uchambuzi unaoustahili. Mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua ni Wafula. Wa kike ni Nafula. Wa wakati wa njaa ni Wanjala au Nanjala. Wa mavuno ni Wekesa au Nekesa. Aliyezaliwa nzige walipovamia ni Wasike au Nasike, na aliyezaliwa njiani, mama akiwa safarini, ni Wangila au Nangila. Hata pombe ina watoto wake, Wamalwa na Namalwa. Na kwa jina hilo la kwanza Kenya ilikuwa na Makamu wa Rais mwaka 2003, Michael Kijana Wamalwa, mwana wa Trans Nzoia. Waziri wa Afya wa kati ya 2022 na 2024, Susan Nakhumicha Wafula, alibeba majira mawili kwa pamoja: msimu wa kupanda katika jina lake na mvua katika jina la ukoo.

Ukitazama orodha hii kwa macho ya mwanaisimu, jambo moja hudhihirika mara. Mzizi, yaani sehemu inayobeba maana, hauna jinsi. Mvua ni ileile, njaa ni ileile. Tofauti ya mvulana na msichana imewekwa katika kiambishi cha silabi moja tu. Wakalenjin wanaoishi jirani nao wana muundo unaokaribiana na huo: Kiprop na Cherop wa mvua, Kibet na Chebet wa mchana, Kipkoech na Chepkoech wa alfajiri, Kiplagat na Chelagat wa jioni. Lugha mbili zisizo na unasaba, moja ya Kibantu na nyingine ya Kinailoti, zimefikia mpango uleule wa kumpa mtoto wakati wake kwanza, kisha kumwekea alama ya jinsi pembeni.

Kuna wanaoona katika mpango huu ushahidi wa usawa wa kale. Hoja yao ni kwamba jamii isiyobagua katika mzizi wa jina haikubagua katika asili yake, na kwamba ubaguzi uliingia baadaye pamoja na kanisa, shule na hati ya shamba. Hoja hii inavutia, lakini haistahimili jina moja ambalo kila mtu wa Bungoma analijua. Mvulana wa kiangazi haitwi kwa kiambishi. Yeye ni Simiyu, neno lenyewe la kiangazi, bila kuongezwa kitu. Dada yake ni Nasimiyu. Mmoja ni majira. Mwingine ni majira yaliyotiwa alama. Wanaisimu wanaijua hali hii katika lugha nyingi: umbo la kiume huachwa tupu na kuchukuliwa kuwa ndilo la kawaida, na umbo la kike hulazimika kujieleza. Haifai kulichukua jina moja na kulifanya sheria ya mfumo mzima. Jozi nyingi zina ulinganifu kamili. Lakini Simiyu inatosha kuonyesha kwamba hata mizani hii iliyo sawasawa ina mahali inapoegemea.

La uzito zaidi ni lile linalolipata jina baada ya kutolewa. Kwa Wanandi na jamaa zao, mwanamume aliyepita jandoni aliitwa kwa jina la baba yake lililotanguliwa na neno arap, yaani mwana wa. Ndivyo Toroitich alivyokuja kujulikana ulimwenguni kama arap Moi. Jina la utotoni, lenye saa au mvua yake, kwa mvulana lilikuwa chumba cha kungojea. Nyuma ya mlango palikuwa na ukoo. Msichana hakuwa na arap. Chebet akiolewa alikwenda na mchana wake kwenye ukoo wa watu wengine.

Kwa sababu hiyo ulinganifu wa viambishi haupaswi kusomwa peke yake. Wafula na Nafula wamezaliwa na mvua moja, lakini silabi ya kwanza ya kila mmoja husikika kwa masikio yanayojua mambo ambayo sarufi haiyasemi: nani atabaki katika boma, nani atalipiwa ng'ombe na kuondoka, nani atazikwa katika ardhi gani. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika 1981, haikutofautisha binti na mwana katika kugawa mali ya mzazi aliyekufa bila wosia. Hata hivyo, ilichukua hadi 2005 kwa Mahakama ya Rufani, katika kesi ya urithi iliyotoka Eldoret, kukataa waziwazi hoja kwamba mabinti wapewe kidogo kwa kuwa huenda wakaolewa. Katiba ya 2010 nayo ikataja uondoaji wa ubaguzi wa kijinsia katika masuala ya ardhi. Neno la kuzingatia katika hoja ile iliyokataliwa ni huenda. Binti alipunguziwa fungu kwa ajili ya tukio ambalo halijatokea na ambalo huenda lisitokee. Huko ndiko kusoma kwa matarajio, na kulianza siku alipopewa kiambishi chake.

Kilio na msikilizaji

Kiswahili cha Kitale hakihitaji kiambishi hicho. Mtoto analia, amelala, amenyonya. Ngeli ya kwanza haiulizi swali, na mtu anaweza kuzungumza juu ya mtoto mchanga kutwa nzima asidokeze kama ni wa kike au wa kiume. Kibukusu kikiacha majina pembeni hufanya vivyo hivyo, kwani omwana ni mtoto tu. Ingekuwa sarufi ndiyo inayoumba jinsia, watoto wa Kitale wangekuwa na miezi kadhaa ya mapumziko. Lakini hawana. Swali la kwanza la mgeni ni mtoto gani, na jibu pengine hutolewa kwa mzaha: amekuja mchunga ng'ombe, au amekuja mchota maji. Mtoto hajafungua macho vizuri na tayari ana kazi. Kwa desturi ya Wakikuyu, kuja kwa mvulana kulitangazwa kwa vigelegele vitano, na kwa msichana vitatu. Jirani aliyekuwa shambani hakuhitaji kuuliza, alihesabu.

Kile ambacho lugha imekiacha wazi, msikilizaji hukijaza, na yapo majaribio ya kisaikolojia yanayoonyesha jinsi anavyokijaza. Mwaka 1974 watafiti watatu wa Marekani, Rubin, Provenzano na Luria, waliwahoji wazazi wa watoto 30 katika saa 24 za kwanza baada ya kuzaliwa. Wavulana walikuwa 15 na wasichana 15, na vipimo vya hospitali vya uzito, urefu na afya havikuwatofautisha. Hata hivyo wazazi waliwaona mabinti kuwa wadogo zaidi, laini zaidi na wenye sura nyembamba, na akina baba walizidisha kuliko akina mama. Miaka miwili baadaye John na Sandra Condry waliwaonyesha watu 204 filamu ya mtoto mmoja wa miezi tisa. Baadhi waliambiwa ni mvulana, baadhi ni msichana. Mtoto alipostushwa na mwanasesere anayechomoza ghafla kisandukuni na kuanza kulia, waliodhani ni mvulana walielekea kusema amekasirika. Waliodhani ni msichana walielekea kusema ameogopa. Machozi yalikuwa yaleyale.

Mhakiki wa fasihi hana budi kupendezwa na jaribio hili la pili, kwa kuwa kiini chake ni ufasiri. Matini ni moja, wasomaji ni wawili, na kinachotenganisha fasiri zao ni neno moja walilopewa kabla ya kusoma. Lakini pia hana budi kuliuliza swali ambalo watafiti wa Marekani hawakuwa na haja ya kuliuliza: hasira na woga zina maana gani mahali pengine?

Bungoma zina maana maalumu. Mwezi wa Agosti wa kila mwaka wa shufwa, mvulana wa Kibukusu husimama mbele ya umati wa jamaa na majirani ili atahiriwe. Tohara hiyo husimuliwa kuwa ilianzishwa na Mango, shujaa aliyemuua nyoka aliyeangamiza watu, na mvulana anayekatwa hutakiwa kusimama wima bila kupepesa jicho wala kutikisa mguu. Asiyetahiriwa ni omusinde, na neno hilo kwa mtu mzima ni tusi zito. Ina maana kwamba mtoto mchanga wa kiume hajapewa uanaume. Ameahidiwa tu, na ahadi ina tarehe. Wanaomsikiliza akilia wanasikiliza kwa kutazama mbele, kwenye asubuhi ya kisu. Kilio cha woga kwa mtoto huyo kinatisha, kwa sababu ni dalili mbaya. Kilio cha hasira kinafariji. Hapana haja ya kudhani kwamba wazazi wanajidanganya kwa makusudi. Wanasikia kile ambacho wanakihitaji kiwepo. Kilio cha Nafula hakina miadi kama hiyo, na huachwa kiwe woga, au njaa, au usingizi. Katika jambo hili moja binti ana uhuru zaidi wa kusikiwa, japo uhuru huo unatokana na kutotarajiwa kitu.

Iko desturi ya Waluhya ambayo inaleta jina na kilio pamoja, na ajabu ni kwamba wahakiki wameiachia wanaanthropolojia. Mtoto akilia bila kukoma na sababu isijulikane, wazee huyataja majina ya jamaa waliokufa, moja baada ya jingine, na jina ambalo mtoto akilisikia hunyamaza huwa ndilo lake. Marehemu alikuwa akidai kukumbukwa. Hapa kilio ni usemi, na usemi una msemaji ambaye si mtoto. Kama kipande cha fasihi simulizi, tukio hili lina utajiri wa kushangaza: fanani asiyejua kusema, hadhira inayotunga maneno yake, na kimya kinachotumika kama uthibitisho. Lakini orodha haianzi popote tu. Wazee huelekea kuwataja mababu kwa mvulana na mabibi kwa msichana. Kabla ya wafu kuruhusiwa kuzungumza, walio hai wamekwisha kuamua ni wafu gani watakaosikilizwa.

Nani anayeimba

Nyimbo za kubembelezea watoto zingetarajiwa kuwa mahali ambapo matarajio haya yanatamkwa wazi. Yanayopatikana ni mengine. Bembelezi nyingi za eneo hili humwita mtoto kwa neno lisilo na jinsi, humsihi anyamaze, humweleza kwamba mama amekwenda shambani au sokoni na atarudi. Mhakiki anayetafuta taasubi ya kiume katika maneno yake atatoka mikono mitupu, na huenda ndiyo sababu utanzu huu umetajwa kwa haraka katika vitabu vya fasihi simulizi, aya mbili tatu kisha ukapitwa.

Kosa ni la kumtazama anayeimbiwa badala ya anayeimba. Mama yuko shambani. Wimbo wenyewe unasema hivyo. Aliyembeba mtoto mgongoni aghalabu ni msichana wa miaka saba au minane, dada au binti wa jamaa aliyeletwa kulea. Kaka yake wa umri huo huo yuko na ng'ombe. Mtoto mchanga hasikii chochote cha jinsia katika wimbo, wala hawezi. Lakini mwimbaji anajifunza, kila alasiri, kwamba kilio cha mtu mwingine ni kazi yake. Malalamiko ya uchovu na njaa yanayojipenyeza katika bembelezi, ambayo mara nyingi huchukuliwa kuwa ya mama, yanaleta maana tofauti kabisa yakisomwa kama sauti ya mtoto anayelea mtoto. Usomaji huo ungebadilisha dhamira ya nyimbo kadhaa zilizokwisha kuchapishwa, lakini kuuthibitisha ni vigumu, maana wakusanyaji wengi waliandika mahali na mwaka bila kuandika umri wa mwimbaji. Wengine walirekodi nyimbo hizo kutoka kwa bibi wazee, walioziimba wakiwa wamekaa kitini, pasipo mtoto yeyote mgongoni.

Tafsiri za Kiingereza zimeongeza utata. Kiwakilishi kisicho na jinsi cha Kibukusu, kama kile cha Kiswahili, hakina mwenzake katika Kiingereza cha vitabu, na mfasiri hulazimika kuchagua. Achaguapo umbo la kiume, kama ilivyokuwa mazoea, mtoto wa bembelezi hutahiriwa na sarufi ya kigeni kabla ya Agosti yake.

Kutoka katika nyimbo hadi riwaya ni hatua ndefu, lakini riwaya moja inahusu mahali hapa moja kwa moja. Ken Walibora, aliyefariki 2020, alikuwa mwenyeji wa pande hizi, na riwaya yake Siku Njema ya 1996 inampeleka kijana kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba. Imesifiwa kwa lugha yake, na kwa haki. Lakini swali la jinsia halijaulizwa inavyostahili: je, msuko huu ungewezekana kwa msichana? Mwana asiyemjua baba ana pengo ambalo msomaji wa Kitale hulielewa bila kuelezwa, kwa kuwa jina, ukoo na ardhi viko upande wa pili wa safari. Binti katika hali hiyo angesafiri kwa sababu gani? Upendo, labda, na riwaya nyingine ingeandikwa, yenye kasi nyingine. Msukumo wa Siku Njema unategemea fahamu iliyomo ndani ya msomaji mwenyewe, iliyowekwa humo na vigelegele na viambishi, na Walibora ameitumia kwa ustadi pasipo kuihoji.

Alama ya kuuliza

Mwaka 2009 mtoto alizaliwa katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, akiwa na maumbile ya kike na ya kiume. Katika karatasi za hospitali, mahali pa kuandika jinsi, paliwekwa alama ya kuuliza. Mama yake alikwenda mahakamani, na hukumu ya Mahakama Kuu ilitolewa Desemba 2014, mtoto akitajwa kama Baby A. Mahakama iliiagiza serikali iandae utaratibu wa kuwatambua watoto kama huyo. Sensa ya 2019 ikawa ya kwanza nchini kuwahesabu huntha, na watu 1,524 wakaorodheshwa. Sheria ya Watoto ya 2022 ikawataja.

Kisheria, kesi hii ni ya hati na haki. Kwa mhakiki ni tukio la usomaji ulioshindikana. Aliyeandika alama ile alikuwa na mwili mbele yake na fomu mkononi, na fomu ilikuwa na majibu machache kuliko mwili. Yamkini aliona ameacha pengo. Lakini kila mtoto mchanga, hata yule ambaye maumbile yake hayana utata wowote, ana sehemu kubwa ambayo kwayo alama hiyo ndiyo maelezo sahihi: hasira yake au woga wake, ng'ombe wake au maji yake. Kwa watoto wengine alama hufutwa haraka kiasi kwamba hakuna anayekumbuka kuwa ilikuwapo.

Kiswahili kingeweza kumlea mtoto huyo kwa muda mrefu bila kumuuliza kitu. Angekuwa mtoto, angelia, angelala. Jina ndilo lingewapa wazazi taabu. Kama angezaliwa Bungoma wakati wa mavuno, wangepaswa kuchagua kati ya Wekesa na Nekesa siku ileile, na kwa mvua au njaa wangekuta njia panda hiyohiyo. Kiangazi nacho kisingewaokoa: jina lisilo na kiambishi lilikwisha kuchukuliwa na wavulana. Kitale, ambako majina ya Kiswahili yamezoeleka katika nyumba zenye lugha mbili au tatu, huenda wangemwita Zawadi.